Salfa Hii Ilifikaje Hapa? Uhakiki wa Hoja ya Isotopu za Salfa Kuhusu Hewa ya Kale, kwa Kurejelea Miamba ya Kanda ya Ziwa Victoria

Utangulizi

Neno salfa liliwafikia Watanzania wengi mwaka 2017, na lilifika likiwa limefunikwa na neno jingine. Machi ya mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia kwenda nje ya nchi. Makontena 277 yalizuiliwa bandarini Dar es Salaam, na tarehe 24 Mei kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha taarifa ya uchunguzi wake. Pamoja na dhahabu, shaba na fedha, taarifa hiyo ilitaja kuwamo kwa salfa na chuma. Mjadala uliofuata, bungeni, magazetini na vijiweni, ulikwenda na dhahabu. Salfa ilibaki kuwa mstari mmoja katika jedwali, ingawa kwa asili yake makinikia ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ni salfa iliyoshikana na shaba na chuma. Dhahabu ni abiria tu ndani yake.

Miaka kumi na saba kabla ya hapo, katika mwaka uleule wa 2000 ambao mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa, James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens walichapisha katika jarida la Science makala fupi kuhusu salfa iliyofungiwa ndani ya miamba ya kale. Walidai kwamba salfa hiyo inaonyesha kuwa hewa ya dunia changa ilikuwa tofauti kabisa na hewa inayovutwa leo: haikuwa na oksijeni ya kutajika. Makala haya yanahakiki hoja hiyo. Hayapimi mwamba wowote wala hayatoi takwimu mpya. Yanaisoma hoja kama matini nyingine yoyote inavyosomwa: inadai nini, inashikiliwa na nini, inapwaya wapi, na inakuwaje inapoletwa mbele ya miamba ya Mwanza, Geita na Kahama. Msimamo unaotetewa ni kwamba hoja ya salfa ina nguvu kubwa ndani ya mipaka finyu, na kwamba katika Kanda ya Ziwa mipaka hiyo inaanzia kwenye swali linalopaswa kuulizwa kabla ya kipimo chochote: salfa hii ilifikaje hapa?

Hoja yenyewe

Kila atomu ya salfa ina protoni 16. Kinachotofautiana ni idadi ya nyutroni, ambayo huweza kuwa 16, 17, 18 au 20. Kwa hiyo zipo salfa thabiti za aina nne, zinazotajwa kwa namba za uzito wake: 32, 33, 34 na 36. Salfa 32 ndiyo karibu yote, takriban asilimia 95. Salfa 34 ni kidogo zaidi ya asilimia 4, salfa 33 haifiki asilimia 1, na salfa 36 ni chembe tu. Aina hizi ndizo huitwa isotopu. Kikemia ni ndugu wa tumbo moja: huungana na vitu vilevile na kutoa mchanganyiko uleule. Tofauti yao ni uzito, na uzito huleta kuchelewa. Bakteria wa matopeni wanaoishi kwa kuvunja salfeti, kwa mfano, huivunja salfeti yenye salfa nyepesi upesi zaidi, hata bidhaa yao ikawa nyepesi kuliko malighafi waliyoanza nayo.

Mabadiliko yanayotokana na uzito yana utaratibu. Kutoka 32 hadi 33 ni hatua moja. Kutoka 32 hadi 34 ni hatua mbili. Mchakato wa kawaida, uwe wa bakteria, wa joto au wa maji, ukiisogeza salfa 34 kwa kiasi fulani, utaisogeza salfa 33 kwa takriban nusu ya kiasi hicho. Kipimo kinachotumika ni 0.515. Kwa sababu ya utaratibu huo, kwa miongo mingi wanajiolojia waliridhika kupima 32 na 34 peke yake. Ya 33 ilidhaniwa kuwa mwangwi wa 34, na mwangwi hauna habari mpya.

Farquhar na wenzake (2000) waliupima mwangwi. Walichokikuta ni kwamba katika miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.45 kanuni ya nusu imevunjika: salfa 33 imezidi au imepungua kuliko inavyotarajiwa, na kwa kiasi ambacho hakiwezi kuitwa kosa la mashine. Katika miamba iliyo michanga kuliko miaka bilioni 2.09 kanuni inashika kama kawaida. Kati ya tarehe hizo mbili kuna kipindi cha mpito chenye tofauti ndogondogo. Jambo hili, yaani mgawanyiko wa isotopu usiofuata uzito, litaitwa hapa ukiukaji, kwa ufupi.

Ukiukaji unatoka wapi? Maelezo yaliyotolewa yanaanzia kwenye volkano. Volkano hutoa gesi ya salfa dioksidi. Gesi hiyo ikipigwa na mwanga wa urujuanimno huvunjika, na katika kuvunjika kwake mwanga haupangi isotopu kwa uzito pekee. Leo mwanga huo hauwezi kufika chini kwa wingi, kwa kuwa tabaka la ozoni linauzuia, na ozoni ni zao la oksijeni. Palipokosekana oksijeni palikosekana ozoni, na mwanga ulipenya. Majaribio ya maabara yaliyofanywa kwa leza yalithibitisha kwamba uvunjaji wa aina hii huzalisha ukiukaji.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya hoja, na ndiyo inayopatikana katika vitabu vya kiada na makala za magazeti. Nusu ya pili husahaulika, ilhali bila hiyo nusu ya kwanza haina maana. Ukiukaji unaozalishwa angani lazima uhifadhiwe mpaka ardhini. Salfa iliyovunjwa hugawanyika katika mafungu mawili, moja likiwa na ziada ya 33 na jingine likiwa na upungufu wake. Hewa yenye oksijeni huyageuza mafungu yote mawili kuwa salfeti, yakachanganyika, ziada ikafidia upungufu, na alama ikafutika. Hewa isiyo na oksijeni huyaacha yashuke kwa njia mbili tofauti, moja kama salfa tupu na moja kama salfeti, kila moja na alama yake. Pavlov na Kasting (2002) walikokotoa kwamba njia hizo mbili hubaki wazi pale tu oksijeni inapokuwa chini ya sehemu moja katika laki moja ya kiasi kilichopo hewani leo. Kwa kauli nyingine, hoja ya Farquhar haithibitishi tu kwamba oksijeni ilikuwa haba; kwa msaada wa Pavlov na Kasting inaweka kikomo cha juu cha uhaba huo. Ni mara chache ushahidi wa mambo ya umri huo hutoa namba.

Bekker na wenzake (2004) walikamilisha picha kutoka upande wa pili. Walipima pairiti, madini ya chuma na salfa, iliyokua ndani ya mashapo ya Transvaal nchini Afrika Kusini yenye umri wa miaka bilioni 2.32, na hawakuona ukiukaji. Oksijeni, kwa mujibu wao, ilikuwa imekwisha kuvuka kile kikomo.

Pingamizi na uzito wake

Hoja iliyopokewa haraka hivi huwa na hatari ya kuacha kusomwa. Hiroshi Ohmoto na wenzake (2006) waliendelea kuisoma. Katika eneo la Pilbara, Australia, walipima mashapo ya ziwa ya miaka bilioni 2.76 na mashapo ya bahari ya miaka bilioni 2.92, yote yakiwa ndani ya kipindi ambacho ukiukaji ungetarajiwa. Hawakuuona. Wakahitimisha kwamba huenda hewa ya wakati huo ilikuwa na oksijeni, au ilipanda na kushuka. Miaka mitatu baadaye Watanabe, Farquhar na Ohmoto (2009) walionyesha kimaabara kwamba salfeti ikichemshwa pamoja na asidi za amino huweza kutoa ukiukaji bila mwanga wowote. Inafaa kuzingatia kwamba jina la Farquhar limo katika orodha ya waandishi wa pingamizi dhidi ya hoja yake mwenyewe, jambo ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ungefaidika kuliona mara nyingi zaidi.

Pingamizi la mwaka 2009 lina uzito mdogo kuliko linavyoonekana. Ukiukaji uliotoka katika chungu cha maabara unahusu salfa 33, lakini hauambatani na badiliko la salfa 36 linaloonekana katika miamba ya kale. Alama mbili zinazokwenda pamoja haziwezi kuelezwa na sababu inayozalisha moja tu. Hata hivyo, upande wa mwanga nao haujakamilika, kwa kuwa majaribio ya leza hayajatoa uwiano unaolingana sawasawa na ule wa miamba. Anayeandika kwamba chanzo cha ukiukaji kimefahamika kikamilifu anaandika zaidi ya anachojua.

Pingamizi la mwaka 2006 ni zito zaidi, na ndilo linalogusa Kanda ya Ziwa moja kwa moja. Kutokuwapo kwa ukiukaji kunaweza kusomwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya Ohmoto: hewa ilikuwa na oksijeni. Ya pili ni kwamba fungu lenye ziada na lile lenye upungufu yalikutana tena katika maji na kufidiana. Ya tatu ni kwamba salfa iliyopimwa haikupita hewani kabisa, bali ilitoka moja kwa moja katika miamba ya volkano na chemchemi za moto za chini ya maji. Salfa ya kutoka tumboni mwa dunia haina ukiukaji, na ikimiminwa kwa wingi juu ya mashapo huizimua ile ya hewani hadi isionekane. Hapa ndipo palipo kutolingana kunakopaswa kutawala usomaji wote wa ushahidi huu. Mwamba wenye ukiukaji unasema jambo zito. Mwamba usio nao, ukiwa peke yake, unasema kidogo sana.

Reinhard, Planavsky na Lyons (2013) wakaongeza utata kwa upande mwingine. Mvua yenye oksijeni inapoozesha miamba ya kale, salfa yenye ukiukaji huachiliwa, huingia mitoni na kuzikwa upya katika mashapo machanga. Kwa hiyo hata kuwapo kwa alama kunaweza kuwa urithi wa mamilioni ya miaka, si tukio la wakati wa mashapo yenyewe. Poulton na wenzake (2021), wakirejea miamba ya Afrika Kusini, wanaona oksijeni ikija na kuondoka kabla ya kutulia kabisa takriban miaka bilioni 2.22 iliyopita. Tarehe moja ya “kuzaliwa kwa oksijeni”, ambayo wanafunzi hukaririshwa, haipo tena.

Mwanza: mawe mengi, mashahidi wachache

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na sifa hiyo haina chumvi. Nyumba za Igogo na Mabatini zimepandishwa juu ya majabali. Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, limepigwa picha kuliko jengo lolote la jiji hilo. Na vilimani wapo wanaojipatia riziki kwa kuwasha moto juu ya jabali ili lipasuke, kisha kuliponda kuwa kokoto. Umri wa graniti hizi ni kati ya miaka bilioni 2.5 na 2.7. Ni rahisi, basi, kudhani kwamba anayetafuta habari za hewa ya kale ameshafika.

Dhana hiyo ni kosa, na linafaa kusahihishwa kwa sababu linafuta tofauti ambayo hoja nzima inaitegemea. Graniti haikuwekwa na maji wala upepo. Ilipoa polepole kutoka katika uji wa mwamba ulioyeyuka kilomita kadhaa chini ya ardhi, pasipo kugusana na hewa. Majabali ya duara yanayoonekana leo yalifichuka baada ya miamba iliyoyafunika kumomonyoka kwa muda mrefu mno. Ziwa lenyewe ni geni kabisa mbele yake: mwishoni mwa zama za barafu lilikauka, na lilianza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo mandhari ya Mwanza, jabali linaloinuka majini, inakutanisha vitu viwili ambavyo hakuna hata kimoja kinachoweza kuulizwa kuhusu hewa ya kale. Jabali ni la umri unaofaa lakini liliumbwa gizani; ziwa liko wazi kwa hewa lakini lilizaliwa juzi.

Mashahidi wako kusini na magharibi zaidi, katika ukanda wa miamba ya kijani wa Usukuma, unaopita Geita na kuelekea Kahama. Hapa kuna lava, majivu ya volkano, mashapo na miamba ya chuma yenye milia, ambayo wanajiolojia waliipa jina la Nyanza kutokana na ziwa. Shukrani Manya na Makenya Maboko (2003), wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima lava za chini za ukanda huo na kupata umri wa takriban miaka bilioni 2.82. Borg na Krogh (1999) walipata takriban miaka bilioni 2.70 kwa majivu ya volkano. Tarehe zote mbili ziko ndani ya kipindi cha ukiukaji. Aidha, miamba ya chuma ya Geita ni ushahidi unaojitegemea: ili chuma kisafiri kikiwa kimeyeyuka majini na kutuama kwa wingi namna ile, maji ya bahari yalipaswa kuwa na oksijeni kidogo sana. Kitu kimoja kinachoweza kutazamwa kwa macho kinaafikiana na kingine kinachohitaji spektromita.

Hata hivyo hoja kubwa ya mwaka 2000 na zile zilizoifuata zilijengwa kwa miamba ya Afrika Kusini, Australia, Greenland na Kanada. Sababu mojawapo ni ya kijiolojia, na si ya haki wala dhuluma: huko mashapo mazito yalihifadhiwa bila kupikwa sana. Ukanda wa Usukuma ni wa volkano kwa sehemu kubwa, na kama ilivyoelezwa, salfa ya volkano huzimua alama. Atakayeokota pairiti kutoka mwamba wowote wa Geita, akaipima na kukuta hakuna ukiukaji, hatakuwa amempa Ohmoto ushindi wala kumnyang’anya. Atakuwa amepima lava.

Pairiti mbili ndani ya jiwe moja

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Pairiti nyingi ya migodi ya dhahabu ya kanda hii haina umri wa mwamba inamokaa. Katika machimbo ya Geita, maji ya moto yaliyobeba dhahabu na salfa yalipenya nyufa za mwamba wa chuma baada ya mwamba huo kuwa umeshakamilika na kukunjwa. Salfa yake ikaushika uliokuwa usumaku wa chuma na kuugeuza pairiti, na dhahabu, iliyokuwa ikisafiri ikiwa imefungamana na salfa majini, ikakosa mbebaji na kutuama hapohapo. Ndani ya kipande kimoja cha mwamba, basi, mnaweza kuwamo milia iliyowekwa baharini na pairiti iliyoingia mamilioni ya miaka baadaye. Kipimo cha pairiti hiyo si habari ya bahari ile.

Mhakiki wa fasihi wa Kiswahili analifahamu tatizo hili kwa sura nyingine, na mfano wake uko ng’ambo ya maji ya Mwanza, kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikuchapishwa. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, alipoitafsiri kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka 2002, hakupitia Kiswahili. Alirudi kwenye Kikerewe. Anayehakiki lugha ya Kitereza kwa kutumia toleo la Kiswahili lazima aseme anahakiki tabaka lipi, la mwaka 1945 au la tafsiri, maana jalada ni moja lakini matini zimewekwa kwa nyakati mbili. Mfano huu una kikomo chake. Ruhumbika alikuwa na matini ya kwanza ya kurejea. Mwanajiolojia hana; ana matabaka yaliyokwisha kuingiliana, na anatenganisha kwa kuangalia umbo. Pairiti iliyokua katika tope laini huonekana kama kifundo kidogo, na milia ya mashapo hupinda kukizunguka, kwa kuwa tope liliendelea kushindiliwa pembeni mwake. Pairiti ya maji ya moto hukata milia, hufuata ufa, hula usumaku wa chuma kutoka ukingoni kwenda ndani.

Isidhaniwe kwamba pairiti ya dhahabu ni bubu. Agangi na wenzake (2016) walipima pairiti ya machimbo ya dhahabu ya Barberton, Afrika Kusini, na wakakuta ukiukaji ndani yake. Ukiukaji hauzaliwi chini ya ardhi, kwa hiyo salfa iliyobeba dhahabu ya Barberton iliwahi kuwa hewani, ikashuka, ikazikwa katika mashapo, kisha ikanyonywa na maji ya moto. Kwa Geita na Bulyanhulu swali hilohilo lina maana ya kisayansi na ya kiuchumi kwa pamoja. Likijibiwa kwa kipimo cha salfa 33, litaonyesha kama maji yaliyoleta dhahabu yalipitia mashapo ama yalitoka katika magma tu, na anayejua njia ya maji anajua pia pa kuchimba tena. Kamati za mwaka 2017 zilitakiwa kuhesabu thamani, na zilihesabu. Salfa haikuwahi kuulizwa chochote zaidi ya uzito wake.

Kuhusu lugha ya hoja

Usemi kwamba miamba “inasimulia” historia ya dunia umezoeleka katika uandishi wa Kiswahili wa sayansi, na unavutia kwa kuwa unaiweka jiolojia karibu na ngano na tendi. Lakini msimulizi ana nia, huchagua, huanza na kumaliza. Mwamba hauna nia, na kilichofutika ndani yake hakikufichwa na mtu. Usemi huo huhamisha jukumu kutoka kwa msomaji hadi kwenye jiwe: likikosewa, jiwe ndilo lililosema. Ohmoto na Farquhar hawakutofautiana kuhusu kile jiwe lilichosema. Walitofautiana kuhusu namna ya kulisoma. Neno ushahidi linafaa zaidi, kwa sharti kwamba linabaki na maana yake ya mahakamani, ambako shahidi huulizwa kwanza alikuwa wapi.

Istilahi nazo zina neno lake. Kiswahili cha zamani kiliita salfa kiberiti, kutoka Kiarabu, na ndivyo inavyosomwa katika tafsiri za Biblia panapotajwa moto wa adhabu. Viberiti vya kuwashia vilipoenea, jina lilihamia kwenye kijiti, na sayansi ikachukua salfa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Isotopu ni suala jingine: kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya mahali pamoja, kwa kuwa ndugu hao wanakaa chumba kimoja katika jedwali la elementi. Msomaji wa Kiswahili hapati taswira hiyo, na anahitaji kupewa maelezo kila mara. Maelezo hayo yakirukwa, makala nzima humfikia kama orodha ya namba, na hapo ndipo wengi wanapoacha kusoma na kuamini tu.

Kinachosagwa

Yote yaliyotangulia yanaegemea kitu kimoja kinachoweza kupotea, nacho ni nafasi ya pairiti ndani ya mwamba. Makinikia hayana nafasi hiyo. Kifundo kilichokua topeni na pairiti iliyofuata ufa husagwa pamoja, huoshwa pamoja, na hutiwa katika kontena moja. Spektromita itakayopewa unga huo itatoa wastani wa nyakati mbili. Hali ni hiyohiyo kwa wachimbaji wadogo, ambao mawe yao hupita kwenye karasha na kuishia katika lundo la marudio. Marudio hayo, yakinyeshewa, hubadilika rangi kuwa ya kutu, kwa kuwa pairiti haistahimili oksijeni. Huoza na kutoa asidi inayotiririka kuelekea vijito vya bonde la ziwa. Katika dunia ya miaka bilioni 2.7 iliyopita haikuoza hivyo. Changarawe za Witwatersrand, Afrika Kusini, zina pairiti iliyoviringishwa na mito ya kale kama kokoto, ikabaki nzima.

Nafasi imebaki katika vipande virefu vya mwamba vinavyotolewa na mashine za uchorongaji. Mashapo meusi yenye kaboni yanayoambatana na dhahabu ya Bulyanhulu hupitiwa na mashine hizo kila zinapofuata mkondo wa madini, na kwa sababu ni meusi, ya mashapo, na yamewekwa majini katika umri unaotakiwa, ndiyo ya kwanza kustahili kupimwa salfa 33 na 36. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ndiyo yenye jukumu la kutunza kumbukumbu za kijiolojia za nchi. Vipande vya namna hii huorodheshwa kwa kina cha shimo na kiwango cha dhahabu. Safu ya kueleza umbo la pairiti, kama ni kifundo au ni ya ufa, ingemwezesha mtafiti wa baadaye kuchagua kabla ya kukata. Na kuna haraka kidogo. Mashapo meusi yaliyoachwa katika sanduku la mbao mahali penye unyevu hutoa ukungu wa unga mweupe na wa manjano juu yake ndani ya miaka michache. Huo ni salfeti, pairiti ikigeuka.